Mti Uliozeeka Kabla ya Chai

Jumanne jioni, mche wa plamu ndani ya nyumba ya vioo ya Taasisi ya Kuharakisha Kilimo ulikuwa na kimo cha mtoto wa chekechea. Jumatano asubuhi, tarehe sita Machi, saa kumi na mbili unusu, Daktari Nevena alifungua mlango akakuta shina nene kuliko pipa la kabichi. Magome yalikuwa yamepasuka kama visigino vya mkulima, na matawi yalikuwa yametoboa paa la vioo yakatokeza nje kwenye theluji. Na kubwa kuliko yote, mti wenyewe ulikuwa umekufa. Mkavu kau, umekufa kwa uzee. Chini yake lilikuwa limelala pipa la dawa, tupu.

Nevena alipiga ukelele uliosikika mpaka sokoni.

Simu ilipolia kwa Kapiteni wa polisi Rayna Chakarova, yeye alikuwa amemsimamisha mjukuu wake Boryana kwenye mwimo wa mlango, penseli mkononi.

"Nimeongezeka, bibi?"

"Shusha visigino, usinidanganye. Hujaongezeka."

"Hata kidogo?"

"Hata unywele."

Mtoto akaangua kilio. Darasani yeye ndiye mfupi kuliko wote na wenzake walikuwa wakimwita Kifungo. Rayna akampangusa kamasi, akamkumbusha alichotangaza mwalimu: kwamba kuanzia Ijumaa, Siku ya Wanawake, chekechea itapokea maziwa mapya kutoka Taasisi, maziwa ya kurefusha watu. Boryana akatabasamu. Bibi mtu akavaa koti, akaenda kazini.

Getini alimkuta Mkurugenzi Lyuben Kazandzhiev hana koti wala kofia, na anatoka jasho kwenye baridi ile.

"Hujuma, Komredi Kapiteni! Hujuma! Keshokutwa Naibu Waziri anakuja kutoka Sofia, bendi nimeshaiagiza, zulia nimeshaazima ukumbi wa harusi, halafu mtu ananimwagia dawa yangu yote! Lakini usihangaike, mhalifu nimeshamkamata. Mlinzi, Mzee Kolyo. Nimemfunga pingu kwenye bomba la joto."

"Pingu umezipata wapi?"

"Ninazo zangu," akasema Mkurugenzi kwa fahari. "Mpeleke mjini kabla ya saa sita. Hujuma dhidi ya mpango wa taifa ni miaka kumi na mitano, hakuna mjadala."

Rayna alimjua Mzee Kolyo. Ana miaka sabini na moja, na kifua kinamkorotea kama birika. Miaka kumi na mitano kwake ni maneno tu. Huyo angekufa kabla ya cheri kuiva. Rayna akajiambia kwamba ikiwa ni yeye, basi ni yeye, lakini ikiwa siye, hatoki mtu hapa na pingu za Mkurugenzi.

Hapa lazima niseme habari ya dawa, maana mgeni atashangaa. Kwenye makaratasi iliitwa Kioevu Namba Saba. Sisi watu wa Dolno Pole tuliiita Haraka. Ilibuniwa na Profesa Asparuh Velchev, mzee mpole, ili mmea ufanye kwa siku moja kazi ya mwaka. Tango la kwanza lilikua mpaka likavunja meza. Kuku mmoja alitaga mayai arobaini kati ya asubuhi na mchana, jioni akafa. Mkurugenzi aliandika serikalini Sofia habari ya mayai. Habari ya jioni hakuiandika. Nasi tulicheka, tukasema haraka haraka haina baraka, tukaendelea na maisha yetu, tusijue kicheko hicho kinatuelekea wenyewe.

Mzee Kolyo alikuwa amekaa kando ya bomba, kofia ya manyoya imeshuka mpaka kwenye nyusi.

"Vua kofia, mzee," akasema Rayna.

"Kuna baridi, afande."

"Umekumbatia bomba la moto. Vua."

Kofia ikavuliwa. Nywele zikamwagika mpaka mabegani, nyeupe zote, na shungi zima likamdondokea mapajani. Mji mzima ulijua kwamba Kolyo ana kipara tangu alipooa.

"Mungu wangu! Nini hiki?"

"Aibu, afande. Ijumaa niliiba kijiko kimoja cha Haraka. Cha chai, siyo cha supu. Nikapaka kichwani. Jumamosi nimeamka na nywele nyeusi ti, kama kijana wa jeshi. Mke wangu akanipikia mkate wa jibini! Jumatatu nikaona mvi. Leo ndiyo hivi, zinapukutika zenyewe. Na mke wangu kaninunia upya."

"Kwa hiyo wizi unakubali."

Mzee akatikisa kichwa kushoto na kulia, ambayo kwetu ndiyo kukubali. "Kijiko nakubali. Pipa sikuligusa. Nikalimwage la nini, wakati nilikuwa nafikiria kijiko cha pili?"

Rayna akakiona kicheko kinamjia, akakizuia kwa kukohoa. "Usiku ulilala?"

"Nilikunywa pombe ya rakia kidogo, nikalala. Nimeamshwa na vioo kuvunjika. Kulikuwa kunapambazuka. Nikatoka nje, nikatazama juu ya paa, nikaona maua."

"Maua gani?"

"Ya plamu, afande! Paa zima jeupe, na theluji inaanguka juu yake. Nilisimama pale nikalia kama mtoto. Nikavuta sigara moja. Haijaisha, maua yote yamemwagika, zikaja plamu, zikaoza, yakaja majani ya manjano. Nikajisemea, Kolyo, rakia sasa imekufikia ubongoni. Nikarudi kitini."

"Ulimwona mtu?"

"Vioo vina ukungu kwa ndani. Sikuona mtu."

Rayna akaingia ndani ya nyumba ya vioo peke yake. Akauzunguka mti polepole, mkono umeushika. Kwenye tawi la chini, usawa wa kifua chake, kidole kilikwama kwenye kitu kigumu. Haragwe. Haragwe kavu lililopakwa rangi ya buluu, limezama kwenye gome nusu nzima, na pembeni yake kimetokeza kipande kidogo cha uzi mwekundu na mweupe. Gome lilikuwa limeumeza uzi huo kana kwamba umefungwa hapo tangu vita vya zamani.

Akatazama mkono wake mwenyewe. Haragwe la buluu lilikuwa hapo pia.

Ijumaa ile, tarehe mosi, wazazi na mababu walipanga foleni langoni mwa chekechea wakafungwa na watoto nyuzi nyekundu na nyeupe za Bibi Marta, yule bibi wa hadithi anayeleta mwezi wa Machi, za kuomba afya mwaka mzima. Dukani shanga zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo mwalimu akawapa watoto maharagwe na rangi ya buluu. Rayna alifungwa wake na Boryana. Nyuma yake kwenye foleni alisimama Daktari Nevena na mwanawe, na nyuma ya Nevena, Profesa Velchev na mjukuu wake Kalina, ambaye alifunga mafundo saba ili babu asiupoteze.

Na uzi wa Bibi Marta hauvuliwi hovyo. Unavaliwa mpaka macho yako yaone korongo wa kwanza akirudi, au mti uliochanua. Hapo ndipo unaufungua na kuufunga tawini. Mtu wa kwetu akiona mti umechanua mwezi Machi hafikirii, mkono unakwenda wenyewe. Tarehe sita hiyo theluji ilikuwa ya magotini. Korongo walikuwa bado Afrika, na ndani ya Dolno Pole nzima ulichanua mti mmoja tu, tena kwa muda wa sigara moja.

"Mtu aliyeufunga uzi huu alikuwa amesimama papa hapa maua yalipotoka," Rayna akanong'ona.

Daktari Nevena alihojiwa maabarani, saa mbili na robo.

"Ufunguo wanao nani?"

"Mimi, Profesa, Mkurugenzi na Mzee Kolyo. Mimi nimefika na basi la saa kumi na mbili na dakika ishirini, muulize dereva, tumegombana kuhusu chenji."

"Nasikia wiki iliyopita uligombana na Mkurugenzi pia."

Nevena akakaza taya. "Ndiyo. Na nitagombana tena. Anataka tutie Namba Saba kwenye maziwa ya chekechea. Ijumaa, mbele ya Naibu Waziri. Watoto waende darasa la kwanza msimu huu, na mwakani waingie kiwandani. Anasema kizazi kizima kitatimiza mpango kabla ya muda. Nimemwambia tusubiri, akasema sayansi haisubiri."

Rayna akakaa. Kumbe yale ndiyo maziwa ya kurefusha watu! Masikioni mwake akaisikia sauti ndogo ya asubuhi ikiuliza, "Hata kidogo?"

"Kwa hiyo ulikuwa na sababu ya kumwaga," akasema, sauti imepungua.

"Sababu ninayo tele. Mwanangu yuko pale! Laiti ningekuwa na ujasiri, Kapiteni. Sikuwa nao. Nililia tu usiku kucha."

Rayna akamtazama mkononi. Haragwe la buluu lilikuwepo. Uzi wake mweupe ulikuwa umekuwa wa waridi.

"Umevuja rangi."

"Naosha chupa kutwa. Hizi nyuzi za mwaka huu ni za ovyo, wekundu haukai."

Ni kweli. Hata wa Rayna ulikuwa wa waridi tangu theluji ya Jumamosi, na kila mkono aliousalimu mjini wiki hiyo ulikuwa hivyohivyo.

Mkurugenzi alikuwa na uzi wa hariri wa Sofia, umebanwa kifuani kwa pini, mkubwa kama kabichi. Alipoulizwa alikuwa wapi alfajiri alijibu kwamba alikuwa kitandani akikariri hotuba, na kwamba mke wake anaweza kuirudia hotuba hiyo neno kwa neno, maskini.

Akabaki Profesa Velchev. Alikuwa ofisini kwake, mlango umefungwa, kikombe cha kahawa mbele yake kimepoa bila kuguswa. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Pole, Profesa. Kazi ya miaka mingi."

"Ishirini na miwili," akasema mzee. "Karibu ukae, binti yangu."

"Alfajiri ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Mimi huamka mapema, nikatembea kidogo."

Rayna akautazama mkono ulioshika kikombe. Palikuwa na uzi, wa dukani, umenyooka. Sehemu nyeupe ilikuwa nyeupe pe.

"Uzi mzuri. Umeununua lini?"

"Ijumaa. Kama watu wote."

"Kalina hakukutengenezea?"

Kikombe kikagonga kisahani. "Alinitengenezea," akasema. "Umepotea."

"Umepotea na mafundo saba?"

Rayna akainuka. Alimheshimu mzee huyu, na aliona haya kumwona anadanganya vibaya namna ile, kama mtu ambaye hajawahi kufanya mazoezi.

Saa tano kamili aliwakusanya wote chini ya mti: Mkurugenzi, Nevena, Profesa, na Mzee Kolyo ambaye Mkurugenzi mwenyewe alimleta kwa pingu, akimsukuma.

Profesa alipoziona pingu alibadilika rangi. "Huyu amefungwa kwa nini?"

"Hujui?" akasema Rayna. "Amefungwa kwa ajili ya pipa. Miaka kumi na mitano."

"Mimi nimekaa ofisini tangu asubuhi, sikuambiwa neno! Mfungueni. Mfungueni sasa hivi!"

"Taratibu, Profesa," akasema Mkurugenzi. "Mwizi ni mwizi, nywele zake ushahidi."

"Kolyo aliiba kijiko," akasema Rayna. "Aliyemwaga pipa ni mwingine. Alikuwepo hapa mti ulipochanua, na akafanya jambo ambalo mimi na ninyi tungelifanya. Alivua uzi wake akaufunga tawini. Huu hapa, gusa mwenyewe, Komredi. Una haragwe la chekechea, kwa hiyo si wako wala si wa Kolyo, yeye hana mtoto pale. Wangu ninao. Wa Nevena anao, umevuja rangi kama wangu. Mtu mmoja tu kati yetu amevaa uzi anaodai ni wa wiki nzima, ambao haujaona hata tone la theluji, kwa sababu ameununua leo asubuhi. Aliona mkono mtupu utamsema."

Profesa alilisogelea tawi, akaweka kidole juu ya haragwe, akalipapasa.

"Nilitaka kusema keshokutwa, mbele ya Naibu Waziri, ili wasikie wote," akasema. "Sikujua kwamba mtu atafungwa kwa ajili yangu. Kolyo, ndugu yangu, nisamehe."

"Hamna neno, Profesa. Kule bombani kulikuwa na joto."

"Wewe?" Mkurugenzi alifoka mpaka ute ukamruka. "Dawa yako mwenyewe? Mtoto wako mwenyewe?"

"Mtoto wangu anaitwa Kalina!" Hakuna aliyewahi kumsikia mzee yule akipaza sauti. "Nilikwambia habari ya kuku, ukaandika mayai! Nikakuomba mwaka mmoja wa kuchunguza, ukanipa siku tatu. Ungewatilia watoto themanini dawa kwenye maziwa! Nikasema nimwage. Lakini nimwage wapi? Bomba linakwenda mtoni, na mto ndio tunaokunywa. Nikaumwagia huu mche. Basi ukanyanyuka. Ukavunja vioo, ukachanua mbele ya uso wangu. Miaka ishirini na miwili nimeitafuta siku hiyo, Rayna. Nilisahau hata kwamba nimekuja kuua. Nikajikuta nafungua mafundo ya mtoto, nikaufunga. Halafu nikasimama nikautazama unazeeka mpaka unakufa, na kila mwaka uliopita niliuona kuwa ni wa Kalina."

Nevena alikuwa analia waziwazi. Mkurugenzi alichomoa funguo za pingu.

"Vizuri. Amekiri. Kapiteni, fanya kazi yako. Ila kwanza atuandikie namna ya kuitengeneza upya. Kiasi cha watoto kitakuwa kidogo, hakina madhara."

Rayna aliinama, akaliinua pipa, akaliinamisha juu ya glasi tupu ya chai ambayo Nevena alikuja nayo mkononi. Likatoa matone, labda kijiko kimoja. Akampa Mkurugenzi.

"Kidogo namna hii?"

"Naam, hata chini ya hapo."

"Kunywa, Komredi. Kwa afya ya Naibu Waziri."

Mkurugenzi akaitazama glasi. Akamtazama Kolyo, ambaye wakati huohuo alipitisha mkono kichwani akabaki na shungi la mwisho kiganjani, na kipara kikang'aa chini ya mti uliokufa. Kolyo akalipuliza shungi likaruka. Mkurugenzi akarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, mpaka mgongo ukagota kwenye shina.

"Mimi nina presha," akasema kwa sauti ndogo.

"Na mjukuu wangu ana miaka mitano." Rayna aliimwaga glasi juu ya mizizi mikavu, ambayo haikufanya lolote. "Sasa nisikilize. Unaweza kumwambia Naibu Waziri kwamba taasisi yako imehujumiwa na profesa wako mwenyewe, ukiwa umelala. Atakuuliza kwa nini. Nami nitaitwa kueleza, na nitaanza na yule kuku. Au unaweza kumwonyesha mti uliotimiza mpango wa miaka sitini kabla ya chai ya asubuhi. Jaribio limefaulu kupita kiasi, dawa yote imetumika, na haiwezi kutengenezwa tena kwa kuwa..." Akamgeukia Profesa.

"Makaratasi yaliungua jikoni kwangu," akasema Profesa. "Na kichwa cha mzee kinasahau."

Mkurugenzi aliyatafuna maneno hayo. Mdomo ulikuwa unacheza.

"Miaka sitini," akasema. "Asubuhi moja. Hata Sofia hawana mti wa namna hiyo."

"Hawana."

"Bendi inaweza kusimama pale, upande wa kushoto." Na bila kuona haya, akamfungua Mzee Kolyo pingu na kumwagiza akafagie vioo. Msicheke, mwezi wa Mei Mkurugenzi alipewa nishani, nayo anaivaa mpaka leo.

Mlangoni Profesa alimshika Rayna kiwiko. "Hukunifunga."

"Kosa lenyewe sijaliona, Profesa. Nimeona mti."

"Kalina ataniuliza uzi wake uko wapi. Ataniuliza kama nimeona korongo."

"Mwambie ukweli. Umeona mti umechanua, ukaufunga kwa afya yake."

Mzee akatikisa kichwa kushoto na kulia mara nyingi.

Jioni Rayna alipomchukua mjukuu wake chekechea, mwalimu alikuwa analalamika kwamba maziwa mapya yamefutwa, na hakuna anayemwambia sababu. Boryana alinuna njia nzima. Nyumbani alikwenda moja kwa moja mlangoni, akasimama kwenye mwimo na viatu vyake vyenye theluji.

"Nipime tena, bibi. Labda leo."

Rayna akachukua penseli. Akaiweka juu ya kile kichwa kidogo, akachora, na mstari ukaangukia juu ya mstari wa asubuhi barabara.

"Hujaongezeka," akasema, akapiga magoti akamkumbatia kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika kwamba anabanwa. "Hata unywele, mwanangu. Hata unywele."